Njia Iliyopita Sebuleni Kwangu

Milango miwili ya nyumba yangu niliichomelea kwa mikono yangu mwenyewe, na nasema bila aibu kwamba Karatu nzima hakuna milango kama ile. Chuma kizito, nakshi za nondo zilizokunjwa mojamoja, bawaba ambazo ukigusa kwa kidole tu mlango unakwenda wenyewe kama umeitwa. Wa mbele niliutengenezea jua linalochomoza juu ya msitu wa Ngorongoro. Wa nyuma niliuwekea twiga wawili waliopishana shingo. Siku tuliyoifunga, mafundi walipoondoka nilibaki nafungua na kufunga, nafungua na kufunga, mpaka mke wangu akaniuliza kama nimejiajiri ubawabu.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya mashamba ya ngano, mlango wa jua ukagongwa. Nikajua wameanza kuja kupongeza. Nikavaa koti langu zuri, nikafungua. Alikuwa bibi mmoja jirani, mjane, mtu wa miaka sabini na kitu, shuka begani na dumu tupu la lita ishirini mgongoni, kamba yake ikipita kifuani.

"Shikamoo, bibi. Karibu sana."

"Marahaba," akasema, akaingia.

Hakulitazama jua langu. Hakutazama dari wala kochi jipya lililokuwa bado na nailoni yake. Alivuka sebule kwa mwendo wa mtu mwenye safari, akafika mlango wa pili, akausukuma kwa kiganja kwenye tumbo la twiga, akatoka.

"Mama watoto," nikaita, "yule bibi alikuwa anataka nini?"

"Maji," mke wangu akajibu toka jikoni.

"Sasa si angeomba?"

"Hakuja kuomba maji. Amekwenda kuyachota."

Hapa lazima nijieleze kidogo, maana bila mimi nyumba yenyewe haieleweki. Nimesoma mpaka darasa la nne, na la nne lenyewe sikulimaliza. Wazazi wangu walitoka Singida kuja kuchuma kahawa kwenye shamba moja kubwa hapa juu, nami nilizaliwa kwenye kambi ya vibarua. Nikakua, nikaosha magari ya utalii yakitoka kreta yamejaa vumbi mpaka ndani ya viatu vya abiria. Kutoka kuosha nikashika spana, kutoka spana nikashika mashine ya kuchomelea, na leo gereji yangu ndiyo inayotengeneza yale mapaa ya kunyanyuka, mtalii anasimama ndani ya gari na kumchungulia faru bila kumwogopa. Wahandisi wenye vyeti wamekuja kunitazama nikipima kwa macho. Wamepima kwa futi yao, wakakuta futi yao ndiyo iliyokosea. Sitanii.

Sasa mtu anayepima kwa macho namna hiyo, sikilizeni alichofanya. Kiwanja nilikinunua upande wa juu wa mji, kwenye mteremko unaotazama msitu. Kote palikuwa pameinama isipokuwa ukanda mmoja uliolala sawa, mgumu, hauoti hata jani. Nikasema, hapa Mungu kanisawazishia msingi. Sikujiuliza kwa nini mteremko uwe sawa mahali pamoja tu, wala kwa nini nyasi zipakwepe. Ilikuwa njia ya kwenda chemchemi, imekanyagwa mpaka ikawa kama saruji, na mimi nikapandisha nyumba juu yake.

Wala haikuishia hapo. Muda wote wa ujenzi, mimi nikiwa gereji, akina mama waliendelea kupita na madumu yao, kwanza juu ya msingi, kisha katikati ya kuta, na waashi wangu, ambao ni watu wa hapa hapa, wakawa wanawaachia nafasi kila siku bila kuniambia neno. Ulipofika wakati wa milango nikakuta matundu mawili yanatazamana, moja mashariki na jingine magharibi, yamenyooka kama yamepigwa kamba. Nikawasifu waashi: "Hiyo ndiyo kazi!" Nikawaongezea chai na maandazi. Kumbe hawakupima chochote. Njia ilikuwa imejikatia milango yenyewe.

Nusu saa baadaye twiga wakagongwa. Bibi akaingia na dumu limejaa, akidondosha matone kwenye marumaru zangu.

"Bibi," nikasema kwa heshima, "hapa ni nyumbani kwa mtu."

"Naona. Hongera."

"Basi ungepiga hodi."

"Si nimegonga?"

"Umegonga mlango. Hodi hujapiga."

Akasimama, akaiweka sawa kamba kifuani. "Hodi anapigiwa mtu aliye kwake," akasema. "Mimi nipo njiani. Wewe ndiye uliyekuja kujenga njiani, ungepiga hodi wewe." Akapita. Mlango wa jua ukajifunga nyuma yake polepole, kwa zile bawaba zangu.

Kufikia Jumamosi walikuwa wanapita kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa na punda. Punda yule alisimama mbele ya runinga, akatazama taarifa ya habari mpaka mwisho, na alichoacha pale kwenye marumaru sitakieleza. Nikapandwa na hasira. Ndani ya wiki mbili nikazungusha ukuta wa tofali kiwanja kizima, nikaweka geti, nikaweka kufuli. Anayetaka chemchemi azunguke kwa kushuka korongoni na kupanda ng'ambo, saa nzima kwa mwenye magoti mazima. Hati ninayo. Mhuri upo. Kwenye ramani ya mpima hakuna njia.

Lakini mimi si mtu mbaya, na hilo muulizeni yeyote. Nilijua magoti ya yule bibi si mazima. Nikachukua kilo mbili za sukari nikaenda kwake. Nikamkuta anapepeta maharage.

"Bibi, nimefikiri. Nitakuvutia bomba kutoka kwangu mpaka hapa mlangoni kwako. Bure. Hutatembea tena."

Akaendelea kupepeta. "Lina koki?"

"Lina koki nzuri kabisa."

"Anayeifungua nani?"

"Wewe mwenyewe."

"Na ile nyingine, kule linakotokea?"

Nikakohoa. "Ile ya kule... ile ni yangu."

"Basi rudi na bomba lako," akasema. "Sukari iache."

Nikaiacha. Njiani nikawa nacheka peke yangu, lakini kicheko kilikuwa na mchanga ndani yake.

Binti yangu wa kwanza anasoma sheria Dodoma. Narudia kwa wasiosikia: mtoto wa mtu wa darasa la nne anasoma sheria. Alikuja likizo akakuta yule bibi amekaa juu ya jiwe nje ya geti, dumu tupu miguuni. Alikuwa anakuja kila asubuhi. Hapigi kelele, hatukani, hagongi. Anakaa, ananusa ugoro wake, jua likikolea anaondoka kuzunguka korongo.

"Baba, yule anafanya nini pale?"

"Anakaa."

Akatoka, wakaongea muda mrefu. Aliporudi nilikuwa nimeshamwandalia hati mezani. Hakuifungua.

"Hati yako naijua," akasema. "Mimi nauliza kabla ya hati kulikuwa na nini."

"Kulikuwa na pori."

"Na watu wenye kiu. Baba, kuna mambo tunasoma chuoni. Watu wameyabishania tangu zamani sana. Wanasema zipo haki ambazo mtu anazaliwa nazo kama anavyozaliwa na kiu yenyewe. Serikali haikumpa, kwa hiyo haiwezi kumnyang'anya. Na ipo sheria ambayo hakuna bunge lililoipitisha, lakini ukiivunja, kila mwenye akili timamu anajua umeivunja, na wewe mwenyewe unajua. Wanaiita sheria ya asili."

"Imeandikwa wapi?"

"Hapo ndipo ugomvi ulipo."

Nikacheka sana. Nikamwambia sheria ya asili naijua kuliko walimu wake wote. Nani aliyeshuka kreta mara zisizo na idadi kufuata magari yaliyovunjika springi? Nimelala chini ya gari, simba yuko umbali wa kutupa spana, ananitazama kama mkaguzi. Simba hana hati. Anakojolea kichaka, basi, pale ni kwake. Nyumbu haji kudai njia. "Mwenye nguvu anaweka mpaka," nikamwambia, "mwenye miguu anazunguka. Hiyo ndiyo asili, mwanangu, nimeiona kwa macho."

"Hiyo ni tabia ya simba," akasema. "Simba hawezi kukaa akajiuliza kama amekosea. Wewe unaweza. Hiyo ndiyo asili yako wewe, baba. Ukitaka kuwa simba, acha na kochi."

Mke wangu akacheka jikoni. Nilimsikia.

Nikabadilisha njia. "Haya, na jasho je? Hao watu wako wa zamani hawakusema kitu juu ya jasho?"

Hapo macho yake yakawaka. "Wamesema! Yupo aliyesema dunia ilikuwa ya wote, ila mtu akiichanganya na kazi ya mikono yake, hapo panakuwa pake."

Nikasimama. "Huyo alikuwa fundi?"

"Hapana, baba."

"Basi alifikiri kama fundi." Sikungoja amalize, maana nilimwona anataka kuongeza neno. Nikaenda moja kwa moja getini. Nimejenga maisha yangu yote juu ya jambo lile bila kujua kwamba lina wasomi wake, na sasa nilikuwa nalo mkononi kama nyundo.

"Bibi," nikasema kupitia nondo, "nikuambie kitu. Ardhi hii nimeichanganya na jasho langu. Kila tofali, kila nondo. Hakuna aliyenipa. Ndiyo maana ni yangu, na hata wazungu wa zamani wamesema hivyo."

Akapiga chafya ya ugoro, akajifuta. "Umejenga kwa muda gani?"

"Miaka miwili, bila kupumzika."

"Na ule ukanda ulionyooka uliojengea, nani alikusawazishia?"

"Ule niliukuta."

"Uliukuta." Akavua kandambili, akanyanyua mguu, akanionyesha kisigino. Kilikuwa kimepasuka kama shamba la mwezi wa kumi. "Greda ni hili hapa. Mama mkwe wangu alikuwa nalo, na mama mkwe wake pia. Kwenda kila siku, kurudi kila siku, na mzigo mgongoni. Wewe na jasho lako la miaka miwili umelala juu ya jasho letu, halafu unatuonyesha karatasi."

"Kwenye ramani hakuna njia, bibi."

"Basi aliyeichora alikuwa amekunywa maji ya kutosha."

Nyuma yangu nikasikia makofi. Alikuwa binti yangu. Na ada yake nalipa mimi.

"Ndicho nilichotaka kukuambia, baba," akasema. "Yule mtu aliongeza sharti. Chukua, lakini wabakishie wenzako cha kutosha na kizuri."

Ningeweza kufungua geti palepale. Mtu anayebishana hushindwa, anacheka, mambo yanaisha. Na mimi nilijua nimeshindwa. Lakini nikaweka sharti dogo. Nikasema sawa, nitafungua, watu wote wapite, hata punda, ila wakiingia wapige hodi na wakitoka waseme asante. Neno moja tu. Halina gharama.

"Kama halina gharama," bibi akauliza, "mbona unalitaka sana?"

"Ni adabu tu, bibi."

"Asante nitakupa siku utakayonipa kitu chako." Akavaa kandambili, akabeba dumu lake, akaelekea korongoni.

Basi kufuli likabaki. Mke wangu, ambaye kwao ni Mbulu, jioni ile akaniambia akiwa anamenya viazi: "Kwetu mtu akifunga njia ya maji, watu hawagombani naye. Wanamwacha tu."

"Wanamwacha vipi?"

"Utaona."

Wiki ya kwanza sikuona kitu. Nilisalimiwa vizuri, hata vizuri kuliko zamani. "Habari za asubuhi, mheshimiwa?" Mimi ambaye kila mtu ananiita Fundi! Nikadhani wameanza kuniheshimu kwa ajili ya ukuta. Muuza maziwa akaanza kunioshea kikombe mara mbili. Vijana wa bodaboda wakawa wanazima pikipiki nikipita. Nikamwambia mke wangu, unaona? Akaendelea kumenya viazi.

Kisha mzee mmoja wa kitongoji chetu akafariki. Nilisikia kilio asubuhi, na kabla sijaambiwa na mtu nikaenda gereji nikaanza kuchomelea msalaba. Hiyo ni desturi yangu: misalaba ya kitongoji hiki chote naitengeneza mimi, bila malipo, tangu nilipopata mashine ya kwanza. Nenda makaburini utazame. Ile inayong'aa, iliyonyooka, ni yangu. Nikaupiga rangi ya fedha, nikauegemeza ukutani, nikangoja waje kuuchukua.

Hawakuja. Saa tano nikaona wanaume wanapita kule chini na majembe begani. Mmoja wao alibeba msalaba wa mbao, haujapigwa hata randa.

Nikaenda mwenyewe. Walikuwa wanapokezana kuchimba kaburi, jasho linawatoka, wanataniana kwa sauti ndogo kama watu wanavyotaniana kaburini. Nikavua koti nikanyoosha mkono nichukue koleo. Jirani yangu, mtu niliyemtengenezea trela lake, akalivuta koleo taratibu upande wake.

"Hapana, mheshimiwa. Pumzika. Utachafuka."

Nikakalishwa kwenye kiti cha plastiki, kivulini, peke yangu. Nikaletewa chai katika kikombe chenye kisosi. Wengine wote walikuwa wanakunywa kwenye vikombe vya bati, wanapokezana. Aliyeniletea aliinama kidogo, akasema, "Karibu, mgeni."

"Asante," nikasema.

Na nilipolisikia lile neno kinywani mwangu, nikasikia sauti nyingine, ya zamani, inalisema.

Kule kwenye kambi ya kahawa kulikuwa na bomba moja kwa ajili ya vibarua wote, na koki yake ilikaa kwa mnyapara, ndani ya mfuko wa suruali. Jioni aliipachika bombani, akina mama wakapanga foleni, na kila dumu likijaa mwenye dumu alipiga goti na kusema, "Asante, baba." Mama yangu alimzidi yule bwana umri kwa miaka kumi au zaidi. Alisema asante kila siku. Halafu siku moja akabishana naye juu ya debe la kahawa ambalo halikuhesabiwa, na jioni ile foleni ilipomfikia mama, mnyapara akaichomoa koki bombani, akairudisha mfukoni, akasema maji yamekwisha. Mdomo wa bomba ulikuwa unadondosha. Mama akasema asante, akageuka. Nilikuwa nimeshika sketi yake. Nikaapa kwamba nikikua nitakuwa na koki yangu mwenyewe.

Na nimekuwa nayo. Mimi nikiapa nimeapa. Ila nilikuwa sijawahi kujiuliza nikishakuwa nayo nitasimama upande gani wa bomba.

Pale kivulini, na kisosi changu, nikaelewa kile ambacho binti yangu alikuwa anakizungukia kwa maneno ya chuo. Watu wale walikuwa wananitendea wema mtupu. Kiti kizuri, kikombe kizuri, heshima. Kila kitu nilichokuwa nacho pale nilikuwa nimepewa, na wangeweza kutonipa. Kuchimba kaburi la jirani ndicho kitu ambacho hakuna mtu anakupa. Ni chako kwa sababu unaishi hapo na utakufa hapo. Hicho ndicho walichoniondolea, na walifanya hivyo bila kunitukana.

Bibi alikuwa upande wa wanawake, anakoroga sufuria. Alinitazama mara moja tu. Nasema kweli, aliona raha.

Nilirudi nyumbani, sikubadilisha hata viatu, nikachukua nyundo kubwa ya gereji. Mke wangu akaja mbio.

"Unabomoa nini, baba watoto?"

"Sebule."

"Si ungefungua geti tu, wapite pembeni ya nyumba?"

"Kushoto kuna shimo la choo, kulia mteremko unaanguka. Njia yenyewe ni hii hapa." Nikapiga pigo la kwanza. Hata hivyo nisingetaka wapite pembeni. Mimi sifanyi kazi nusu.

Kufuli nililitupa siku ile ile. Kazi ya nyumba ilichukua wiki tatu, na ni kazi ambayo hakuna mhandisi angeithubutu. Niliikata nyumba katikati, mashariki kwenda magharibi, nikafuata njia. Nikainua kuta mbili mpya, moja kila upande, nikaacha ujia wa upana wa punda wawili wanaopishana na mizigo yao. Paa nililiacha juu, limeunganisha pande zote, ili mvua ya Machi isiwanyeshee wapitao. Waashi walikuwa wale wale. Nilipowauliza kwa nini hawakuniambia tangu mwanzo kwamba najenga juu ya njia, mkubwa wao akashangaa: "Fundi, sisi tulidhani unajua. Tulisema, mtu huyu ana moyo, anaijengea njia nyumba."

Milango nayo niliihamisha. Jua sasa ni mlango wa upande wa kushoto, vilipo vyumba vya kulala. Twiga ni mlango wa kulia, jikoni na sebule mpya ndogo. Inatazamana, na njia inapita katikati. Zamani jua langu lilionwa na mgeni mmoja mmoja. Sasa linaonwa na kitongoji kizima, kwenda na kurudi. Waongozaji wa watalii wameanza kusimamisha magari pale chini na kuwaonyesha wageni wao kwa kidole. Kuna majumba makubwa Karatu kuliko langu, sikatai, yana ghorofa na vioo. Lakini nitajieni moja tu lenye barabara ndani.

Kazi ilipokwisha, siku nilipong'oa geti na kubomoa ukuta wa nyuma, bibi alikuja na dumu lake saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Mimi nilikuwa nimesimama penye mlango wa jua, nimevaa koti. Akaingia kwenye ujia, akatembea mpaka katikati, akasimama, akasugua sakafu kwa kandambili. Nikangoja. Msinicheke, nilikuwa nangoja neno.

"Marumaru zinateleza," akasema. "Na maji haya mtu atavunjika kiuno."

Akaenda zake.

Wiki ile ile nikazing'oa marumaru, nikamwaga saruji, nikaikwangua mistari ilipokuwa mbichi. Binti yangu alirudi Dodoma akaandika kazi yake ya chuo juu ya chemchemi yetu, juu ya jasho na visigino, na mwalimu akampa alama za juu. Alama zile nazihesabu kuwa zangu; kazi ya vitendo niliifanya mimi. Na mwezi mmoja baadaye kijana mmoja akasimama kwenye ujia akaita, "Fundi! Tuna msiba kwa akina mama mkubwa. Msalaba, na uje na koleo." Mungu anisamehe, sijawahi kufurahi hivyo kwa habari ya msiba. Nilichimba mpaka wakaniomba nitoke shimoni, na chai nikanywa kwenye kikombe cha bati baada ya mtu mwingine.

Kisha kikaja kiangazi, na kama kila kiangazi bomba la mji likakauka. Koki yangu nzuri ikatoa upepo, ikatoa mdudu mmoja, ikanyamaza. Mke wangu akanipa dumu. "Chemchemi unaijua ilipo?" akauliza. Nilikuwa naijua kwa kuambiwa. Miaka miwili najenga pale, sikuwahi kushuka.

Ni mahali padogo tu. Jiwe, majani ya ferni, maji yanatoka kwenye ufa yakiwa na baridi ya msitu. Akina mama walikuwa sita kwenye foleni, punda mmoja, na bibi mbele yao anajaza. Nikafika nyuma, na sijui nilipatwa na nini, mtu wa umri wangu, mwenye gereji, nikavua kofia.

"Naomba kuchota, bibi."

Akageuka. Wote wakageuka, hata punda.

"Unaniomba mimi?" akasema. "Nani kakuambia ni yangu? Panga foleni, Fundi, na usisimame kwenye tope, utatuchafulia maji."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Na mimi nikacheka, ya kweli safari hii. Zamu yangu ilipofika nikajaza dumu. Hakuna aliyeshika koki, kwa hiyo sikuwa na wa kumwambia asante. Nilitazama huku na huku, nikabeba.

Lita ishirini mgongoni si mchezo, na mimi nimebeba injini. Mteremko ulinitoa jasho, kisigino kikawa kinatafuta mahali penye ugumu, nacho kikawa kinapapata kila mara, pamekwishakanyagwa kwa ajili yake. Nikaifikia nyumba kutoka upande wa nyuma, nikiona kwa mbali jua na twiga vinatazamana chini ya paa langu. Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Hodi hupigi?" akanitania.

"Nipo njiani," nikasema, nikapita.